Nitamkwepa Wapi Baba Mkwe Kwenye Nchi Isiyo na Migomba?

Mpendwa Shangazi Mwasiti,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usicheke, ingawa najua utacheka, maana dada yangu wa tumbo moja nilipomweleza alicheka mpaka wali ukaungua jikoni, na mimi sikuona cha kuchekesha kwa sababu yeye kaolewa Dar es Salaam, mkwe wake anakuja kula kwake na kusifia mchuzi, hajui ninachokiona mimi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa huku Ngonga, Kyela, mume wangu tumwite Asajile, ni mtu mzuri hana matata, ananunua kakao kwa wakulima na kuipeleka kwa kampuni, kazi ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake na siku hizi kila mwenye mizani anaifanya. Sina ugomvi naye. Kinachoninyima raha ni safari.

Usharika wetu una urafiki na usharika mmoja wa nchi inayoitwa Aisilandi, ni kisiwa kiko juu kabisa kaskazini, kwenye ramani ya shule kiko pale ambapo karatasi inakaribia kuisha. Watu wake ni wavuvi. Mwaka jana walikuja wageni wao wakakaa nasi, wakaona sisi akina mama tunavyoanika usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye vichanja na mvua ya huku inavyotunyeshea mpaka dagaa wote wanaoza tunawamwaga, wakasema kwao nako jua ni la kubahatisha lakini samaki wanakauka, njooni muone tunavyofanya. Basi wakaalika watu watatu waende mwezi wa sita. Akina mama wakakaa wakanichagua mimi, sikujipendekeza, ni kwa sababu mimi ndiye ninayesimamia vichanja. Wazee wa kanisa nao wakakaa kikao chao wakachagua wa kwao. Wa tatu ni mwinjilisti, tumwite Hezroni, anajua Kiingereza. Jumapili majina yakasomwa, watu wanapiga makofi, jina la mzee likasomwa baada ya langu, na mimi nikatamani kuingia chini ya benchi, kwa sababu mzee huyo ni baba mkwe wangu.

Shangazi, wewe ni mtu wa mjini na asili yako pwani, labda kwenu mkamwana anamwandalia mkwe chakula na kumnawisha mikono. Kwetu Wanyakyusa kuna kutila. Mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso, hali naye, halitamki jina lake, na ndiyo maana hata hapa sijaliandika. Akiwa anakuja njiani anakohoa, mimi nikisikia naingia kwenye migomba mpaka apite. Akiwa na neno langu hanielekezi mimi, anauambia mlango, au anamwambia kuku, "Wewe kuku, mwambie mwenye nyumba ng'ombe wameingia kwenye mpunga," nami nasikia, natoka kwenda kuwafukuza. Miaka yote niliyokaa hapa nakijua kikohozi chake, navijua viatu vyake na mwavuli wake mweusi, lakini sura yake polisi wakiniuliza sina cha kuwaeleza. Najua wengi wa rika langu wameacha, na mchungaji anasema hayo ni ya kale, lakini ukoo huu wanayashika, na mimi sikulazimishwa, mama mkwe ndiye aliyenielekeza nilipofika ukweni, akanishonea kwa mkono wake gauni langu la kwanza la hapa na kunionyesha njia ya kupita nyuma ya nyumba, na mimi nikaona ni heshima, naipenda. Sitaki kuambiwa niache.

Sasa Hezroni katusomea maelezo waliyotuma wenyeji. Anasema tutakaa wote kwenye nyumba moja ya familia na kula meza moja. Anasema kule hakuna bwana wala bibi, kila mtu anaitwa jina lake alilopewa utotoni, hata mchungaji, hata rais wao, kwa hiyo watakuwa wanamwita baba mkwe kwa jina mbele yangu na kuniuliza yuko wapi fulani, nami nitajibuje? Anasema nchi ile haina miti, ni mawe na majani tu, na mwezi wa sita jua halizami, usiku ni kama saa kumi na moja ya jioni mpaka asubuhi. Shangazi, hakuna migomba na hakuna giza, nitamkwepa wapi? Halafu likaja la bwawa. Watatupeleka kwenye bwawa la maji ya moto, kila mtu kule anakwenda, wanaume na wanawake na vikongwe, wanakaa ndani ya maji mpaka shingoni wanaongea. Mimi na baba mkwe kwenye maji mamoja! Hapo nilisimama nikatoka nje, nikamwacha Hezroni anasoma.

Nikamwendea mume wangu. Asajile akasema, "Mimi ni mtoto wa yule na mume wako wewe, msinichanganye," akachukua baiskeli akaenda Ipinda kwenye kakao zake.

Na juzi kati limetokea jambo lililonimaliza kabisa. Nilikuwa nyuma ya jiko napepeta mchele, nikasikia kikohozi cha baba mkwe, nikabaki hukohuko nyuma. Akaingia uani, akasimama, nikamsikia anasema, "Mlango, mwambie mwenye nyumba, huko kwa Wazungu kuna baridi na upepo." Akakohoa tena, akaondoka. Kutoka, nakuta koti la kike limetundikwa kwenye msumari wa mlango, jekundu, zito, la mitumba, lazima limetoka Tukuyu kwenye baridi maana huku kwenye joto nani anavaa kitu hicho. Lilikuwa koti la Mzungu mrefu, lakini mikono ilikuwa imepunguzwa na kushonwa kwa uzi mweusi, nikadhani muuza mitumba ndiye aliyeirekebisha. Nikajua mzee ananiambia nisiende, ananionyesha uzito wa koti ili nijue baridi yenyewe ilivyo. Na hata kama si hivyo, mimi nitavaaje nguo iliyotoka mkononi mwa baba mkwe? Nikalikunja bila kulijaribu, nikampa Asajile alirudishe kwao. Nilipomuuliza wamesema nini akasema hawakusema kitu, mama kalipokea na kuliweka juu ya sanduku. Tangu hapo mama mkwe akinijibu salamu ni nusu, na mzee hakohoi tena akipita, anapita kimyakimya, jana nusura nigongane naye kwenye kona ya kisima.

Hezroni anataka jibu kabla hajapeleka majina kwa ajili ya pasi. Nikijitoa anaingia mwalimu wa kwaya, Dickson, ambaye usipa hajawahi kuugusa ila kwenye sahani, na mvua zikija tena tutamwaga tena. Nikienda, nitarudi kwenye ukoo huu nikiwa nani? Niambie Shangazi, nijitoe au niende. Na kama ni kwenda, nivae nini, maana mimi nikienda Tukuyu tu meno yanagongana. Tafadhali jina langu usilitaje.

Ni mimi,
Mkamwana, Ngonga

SHANGAZI MWASITI ANAJIBU:

Mkamwana, marahaba. Nimecheka. Nilijizuia mpaka kwenye kuku, hapo nikashindwa. Sasa nimemaliza, kaa chini tuongee.

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, ingawa akina mama wa Ngonga wanaokwenda Aisilandi mwaka huu wote wanatosha kwenye baiskeli moja. Gazeti hili likifika huko kila mtu atakujua. Kwa hiyo nitakachokuambia mwishoni kifanye upesi, kabla gazeti halijapita kwa jirani na kufika kwa wakwe zako. Koti nalo nitalizungumza mwisho, kwa sababu nikianza nalo hutasoma mengine.

Utaenda. Hilo tuliondoe mezani. Wenzako hawakukuchagua kwa sauti nzuri, wamekuchagua kwa sababu ya vichanja, na Dickson akienda atarudi na picha za barafu na kofia. Tena sikutumi gizani, nchi hiyo naijua. Marehemu mume wangu, Yasini, alikuwa fundi wa injini za meli pale bandari ya Itungi, akapelekwa huko kusomea mitambo, nami nikamfuata nikakaa miezi ile wanayoiita ya kiangazi. Wana ujasiri watu wale kuiita kiangazi. Mimi mwenye damu ya Kilwa, niliyelalamika kwamba Kyela inanitoa jasho, nilikaa siku nzima nimeegemea bomba la maji ya moto ukutani kama paka.

Sasa kutila. Sitakwambia uache. Watakaokwambia hivyo ni wengi, na hakuna hata mmoja atakayekuwepo siku unarudi kwa mama mkwe wako. Lakini mwanangu, umechanganya heshima na majani ya mgomba. Migomba ni mahali pa kujificha tu. Heshima yenyewe mnaifanya nyinyi wawili, yeye anakohoa, wewe unapisha. Umekaa umeogopa nchi haina miti, hukujiuliza kama mzee ataacha kukohoa akivuka bahari. Na miti kweli hakuna, ile michache niliyoiona hata kuku wako asingejificha.

Mambo mengine yote uliyoyaogopa yana dawa, na dawa ni kusema mapema. Mwambie Hezroni awaandikie wenyeji leo kwamba mzee na mkamwana hawalali nyumba moja wala hawali meza moja, ni heshima ya kwao, tunaomba mama huyo alale kwa familia nyingine. Aandike hivyohivyo, bila kuomba radhi na bila kuzungukazunguka. Wazungu hawakisii, usipowaambia hawajui, na ukiwaambia wanafanya. Mimi mwenyewe niliwaambia siwezi kula nguruwe, mama mwenye nyumba hakuuliza hata kwa nini, kila siku akaniwekea samaki mpaka nikawaota. Nyumba zao zinafuatana kama hizi za kota, utatembea hatua chache tu kwenda kukutana na wenzako.

Kwenye ndege Hezroni akae katikati, au wewe nenda kiti cha nyuma kabisa. Pale mnapokabidhi mizigo uwanjani waambieni mnataka viti vya mbalimbali, ni jambo la kawaida. La majina ni kweli, watamwita kwa jina tupu na hawana nia mbaya. Wewe usilitaje. Ukiulizwa yuko wapi, sema "mzee wetu" na uonyeshe kwa mkono. Hakuna atakayekamata kosa, hawajui kama kuna kosa.

Na bwawa, jamani bwawa. Hapa Hezroni kakusomea nusu, au wewe ulitoka kabla hajafika. Kabla ya kuingia kila mtu anaoga kwa sabuni bila nguo hata moja, wanawake chumba chao, wanaume chao, na kuna mama anasimama pale kuhakikisha. Mimi nilijifanya sielewi, nikaoga na khanga yangu, yule mama akanirudisha mara moja. Wanaoga hivyo kwa sababu maji hawayatii dawa nyingi, ni usafi wao, si uhuni. Kuingia si lazima. Lakini mgongo wa mtu anayeinama kwenye vichanja kila siku ukikaa kwenye maji yale utamshukuru Mungu. Kwa hiyo mwambie mwenyeji wako wa kike akupeleke asubuhi, na mzee apelekwe na Hezroni jioni. Bwawa linafunguliwa siku nzima, halijui mkwe ni nani.

Nguo. Usiende Dar kununua nguo za baridi, watajua unakokwenda na kukuuzia kwa bei ya hukohuko. Nenda mjini Kyela marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Tangu mitumba iruhusiwe, nguo nzito huku zinatupwa pembeni, nimeona watu wanazitandika chini ya magunia ya mchele zisipate unyevu. Tafuta sweta la sufu, si la pamba. Pamba ikilowa inabaki na ubaridi mwilini siku nzima. Tafuta soksi za sufu na suruali ya kubana uvae ndani ya gauni. Ndiyo, suruali, na mchungaji akikuuliza mwambie Shangazi Mwasiti ndiye aliyekuvalisha. Vaa nguo nyembamba nyingi, moja juu ya nyingine, kuliko moja nene. Ndani ya nyumba zao kuna joto kama huku, utavua na kuvaa mchana kutwa. Viatu viwe vya kufunga, na visivyopitisha maji, na soksi zisiwe na matundu kwa sababu mlangoni kila mtu anavua viatu.

Adui yako si baridi, ni upepo. Mvua ya kule hainyeshi kutoka juu, inakuja ya ubavuni. Kwa hiyo ule mwavuli mweusi wa mzee ubaki Ngonga. Utageuka nje ndani siku ya kwanza na ataona aibu mbele za watu, na wewe utalazimika kutokucheka. Mafuta ya mgando beba kopo zima, upake midomo na mikono, la sivyo itapasuka. Nguo ya kulalia, sweta na dawa zako viwe kwenye mkoba wa mkononi, maana masanduku hupenda kwenda nchi nyingine na wewe nyingine.

Jua kutokuzama litakusumbua kuliko unavyodhani. Si la kukwepa mkwe, ni la usingizi. Utakaa unasubiri giza ndipo ulale, na giza haliji. Beba kaniki, itundike dirishani, ukiona saa ya kulala imefika lala tu hata kama watoto wao wanacheza mpira nje. Maji ya moto ya bombani yananuka yai viza. Usiseme kitu, yanatoka ardhini na ni masafi, utaoga na utazoea. Ya kunywa ni ya baridi, yaache yatiririke kidogo kwanza. Salamu zao ni fupi. Wewe ukianza kumuuliza mtu ameamkaje, na watoto, na nyumbani, na mifugo, atadhani umeleta habari ya msiba. Neno moja linatosha, na wakikaa kimya hawajakasirika, ndivyo walivyo.

Chakula hakitakupa tabu, ni samaki na viazi na kondoo. Watakupa samaki mkavu mgumu kama ubao, wanampaka siagi wanatafuna, utampenda. Watakupa pia papa waliyemvundika. Chukua kipande kidogo, meza, kunywa maji, tabasamu, na usirudie. Zawadi peleka mchele wa Kyela, usiokobolewa sana, wenye harufu yake, na umpikie mwenyeji wako wewe mwenyewe. Wao mchele wanaupika kwa maziwa na kuunyunyizia sukari, wataona maajabu. Usipa wa mfano usibebe kabla Hezroni hajauliza kama unaruhusiwa kuingia, watu wa forodha wanaweza kuutupa mbele ya macho yako.

Na kazi iliyokupeleka usiisahau kwa kushangaa. Watakuonyesha vyumba vya kukaushia kwa maji ya moto, na mitambo, na vipimo. Viangalie, shukuru, kisha waulize wazee walikuwa wanakaushaje kabla ya mitambo hiyo. Watakupeleka kwenye kibanda cha mbao, kila ubao umeachiwa nafasi na mwenzake, paa juu, samaki wananing'inia ndani. Mvua haiingii, upepo unapita. Yasini alinionyesha kimoja akasema hiki hata Matema ziwani kinajengeka, na mbao tunazo. Hicho ndicho cha kuja nacho. Simama ndani yake, pima kwa mkono wako nafasi kati ya ubao na ubao, uliza milango inaelekea upande gani wa upepo. Wenzako hawasubiri hadithi za barafu, wanasubiri hilo.

Haya, koti.

Barua yako ndefu inaeleza watu wote uliowauliza: dada, mume, na sasa mimi na kila anayesoma gazeti hili. Mwinjilisti ulimwacha anasoma ukatoka nje. Mtu mmoja hukumwendea kabisa, na ndiye aliyekupokea ukweni na kukuonyesha njia ya nyuma ya nyumba. Mama mkwe wako. Ungemuuliza yeye nisingekuwa na kazi hii.

Unasema mikono ya koti ilikuwa imepunguzwa na kushonwa kwa uzi mweusi, ukadhani ni muuza mitumba. Mwanangu, muuza mitumba hashoni. Anamwaga robota chini na kupiga kelele. Baba mkwe wako naye hajawahi kukutazama, hajui mkono wako unaishia wapi. Ni nani hapo nyumbani anayekijua kipimo chako, ambaye aliwahi kukushonea gauni kwa mkono wake? Wamekaa wale wazee wawili, wamefikiria safari yako, mmoja kapanda gari mpaka kwenye baridi kukutafutia nguo, mwingine kaishonea mikono ikufae. Mzee akaja mwenyewe, akakohoa ili usiaibike, akaitundika, akauambia mlango kuna baridi na upepo. Mtu anayekukataza safari hakuletei koti.

Sikutaka kujibu kwa kubahatisha. Kuna mama mmoja Mnyakyusa wa Ndandalo, Mama Anyosisye, ananiuzia mchele, nikamweleza bila kusema ni wapi. Akaniuliza, "Nguo kaleta baba mkwe mwenyewe?" Nikasema mwenyewe. Akasema, "Mwe! Huyo amemfungulia njia. Kwetu sisi mkwe akimpa mkamwana nguo, wakikutana hakuna kosa tena." Nikamwambia aliyepewa kairudisha. Akashika kichwa. Hiyo ni kwao Ndandalo, kila ukoo una yake na ya kwenu anayajua mama mkwe wako. Lakini mimi naona limefanana. Hawakusema mkae mpige soga, wala muingie bwawa moja, ondoa hofu. Wamesema kwamba huko mnakokwenda, mkigongana kwenye ngazi ya ndege au kwenye mlango wa kanisa, hujamkosea. Ndicho ulichokuwa unakililia, kikaletwa mlangoni kwako, ukakikunja ukakirudisha.

Sasa unajua kwa nini mama mkwe anakujibu nusu. Uzi wake ulirudi haujajaribiwa. Na unajua kwa nini mzee amenyamaza njiani. Amekupa njia, umemrudishia, hajui tena akukoholee kama zamani au apite. Anapita kimya kwa sababu ameumia, na ni mtu mzima, hawezi kusema.

Asajile, na wewe nakusemesha, maana najua gazeti linafika Ipinda kwenye mizani zako. Ulibeba koti la mama yako kulirudisha, ukamwona analiweka juu ya sanduku, ukarudi ukasema hawakusema kitu. Uso wa mama yako hukuusoma? Mkeo akisafiri mpunga utauvuna wewe na watoto utawalisha wewe, ndiyo adhabu yako, na ni ndogo.

Mkamwana, fanya hivi, na ufanye leo. Usimtume mtu. Pepeta mchele mzuri, ujaze kapu, pita njia ileile ya nyuma aliyokuonyesha, nenda kwa mama mkwe wako. Piga magoti, msalimie salamu nzima, hapo usifanye kama Waaisilandi. Kisha sema, "Mama, nimekuja kuchukua koti langu." Usieleze, usijitetee, usilie mpaka akupe. Livae mbele yake, alione mikono ilivyokaa.

Ukitoka, zungukia mbele, simama uani, na uuambie mlango wao, kwa sauti ya kusikika na kwa shukrani ya Kinyakyusa, "Mlango, mwambie mwenye nyumba, ndaga fijo, koti limenitosha." Atakuwa ndani. Ngoja kidogo hapo ulipo. Ukisikia amekohoa, nenda kafungashe.